Nusu Chupa ya Baba

"Bima au keshi?"

Mwanamke wa dirisha la dawa hakuniangalia alipouliza. Alikuwa amenyoosha mkono tu, anangoja niweke kitu kiganjani, kadi au pesa. Mbele yangu alikuwa ametoka mwalimu mmoja, nilimtambua kwa kalamu tatu mfukoni na kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga watu kwenye foleni bila kuombwa. Yeye aliulizwa swali lile lile, akasema bima, akabonyeza kidole kwenye kimashine, akatia sahihi na kuondoka na mfuko wa dawa. Hakutoa hata shilingi. Zamu yangu ilipofika nikasema keshi, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeulizwa kama ameoga.

Akaniambia bei. Elfu mbili na mia saba. Chupa moja ya dawa ya maji, ya maumivu, ya kumtosha mgonjwa siku kumi.

Mimi ni fundi wa nguo pale Ekerenyo, nashona yunifomu za shule. Pesa siijui kwa shilingi, naijua kwa nguo. Elfu mbili na mia saba ni kaptura sita, zimekatwa, zimeshonwa, zimetiwa zipu na kupigwa pasi. Kaptura sita ili baba yangu asiumie siku kumi. Nilimuuliza yule mama kama hiyo ndiyo bei ya mwisho, naye akasema, "Hapa si sokoni, mzee." Nilitaka kumjibu. Hasira zangu ziko karibu, mke wangu husema nimeziacha mlangoni pamoja na viatu, mtu akipita tu anazikanyaga. Lakini chupa ilikuwa upande wake wa dirisha. Nikatoa pesa, naye akanionya kwamba dawa hii ni kali, ni mofini, niifungie mahali, na mgonjwa akiacha kuitumia, iliyobaki niirudishe pale pale.

Kuhusu bima, wacha niseme ukweli. Nilikuwa nimejiandikisha, mimi na baba pia. Kwa sisi tusio na mwajiri ilitakiwa tulipe ya mwaka mzima kwa mpigo, na kila Januari, pesa za yunifomu zikiwa mkononi, nilisema wacha kwanza nimalize karo, wacha kwanza ninunue kitambaa. Mimi sikuwa mgonjwa. Baba alikuwa mzima kuliko mimi, bado anachuma chai yake mwenyewe na kikapu mgongoni, anawacheka vijana wanaochoka saa nne. Mtu mzima kama huyo unamlipia bima ya nini?

Ugonjwa wake ulikuwa umeanzia mahali ambapo mtoto hapataji mbele ya baba yake. Kansa ya tezi dume. Ilikuwa imeshapanda kwenye mifupa ya nyonga na mgongo tulipoambiwa jina lake. Daktari wa pale hospitalini Kisii alikuwa kijana, si wa kwetu, na Kiswahili cha baba kilikuwa kimemtoroka kwa kuumwa, kimebaki Kigusii peke yake. Basi mimi ndiye nikawa mkalimani.

Labda msomaji wa mbali haelewi hilo lilikuwa jambo la namna gani. Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima na ni aibu, vyote kwa pamoja, kati ya mzazi na mtoto. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana akishatahiriwa haingii chumba anacholala baba yake. Mambo ya mwili hayapiti kati yao, hata kwa utani, hata kwa ugonjwa. Kwa babu na mjukuu ni tofauti kabisa, hao wanaweza kutaniana hadi wengine tukatoka nje. Lakini mimi na baba, katika miaka yangu yote arobaini na minane, hatukuwahi kuongea habari ya kitu kilicho chini ya shingo.

"Muulize," daktari akaniambia, "kuanzia sifuri hadi kumi, kumi ikiwa ndiyo maumivu mabaya kuliko yote, yake ni ngapi?"

Nikamuuliza baba. Niliuliza nikiangalia ukuta. Baba naye akauangalia ukuta ule ule, akasema, "Ibere." Mbili.

Nikasema mbili. Daktari akaitazama picha ya mifupa, akamtazama baba jinsi alivyokaa, amening'inia upande mmoja wa kiti, akanitazama mimi. Hakubishana. Aliandika ile dawa, kijiko kimoja kila baada ya saa nne, mchana na usiku, mara sita kwa siku. Akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu sikuyafuata: asisubiri aumie ndipo anywe, anywe kwa saa.

Mama yangu alikuwa amefariki miaka minne kabla ya hapo, kwa hiyo baba aliishi peke yake kwenye nyumba ya juu, sisi tukiwa ya chini, na shamba dogo la chai katikati. Mke wangu alimpelekea chakula, akakiweka kwenye meza ya sebule na kuondoka, maana naye kama mke wa mwana ana mipaka yake, tena mikali. Kumwogesha alikuja mzee jirani, wa rika lake, walitahiriwa mwaka mmoja. Dawa ilikuwa kazi yangu. Chupa kubwa niliifungia kwangu kwenye sanduku la vitambaa, na kila asubuhi nikamimina ya siku moja kwenye kichupa kidogo, nikaipeleka sebuleni. Nilisimama pale kwenye meza, nikaongea na pazia la chumba chake, nikimwamkia baba kwa lugha yetu.

"Bwakire, tata. Umelala vipi?"

"Mbuya mono," angejibu kutoka ndani. Vizuri sana.

"Maumivu je?"

"Mbuya mono."

Basi ningeondoka kwenda dukani nikiwa mwepesi. Mtoto aliyeuliza na kujibiwa vizuri amefanya wajibu wake.

Chupa ya kwanza ikaisha, nikanunua ya pili. Dawa kali haiuzwi kwa karatasi ya zamani, lazima daktari aandike upya, na kumuona daktari ni kaptura nyingine mbili, na nauli ya kwenda Kisii na kurudi ni shati. Ilikuwa mwezi wa sita, ukaja wa saba. Miezi hiyo hakuna anayeshona yunifomu. Wazazi wanatia viraka, wananiletea kaptura ishonwe makalio mara ya tatu na wanataka punguzo. Niliuza mashine yangu ya kupiga ukingo ili kununua chupa ya tatu. Siku hiyo niliwagombeza wateja wote, hata mama mmoja aliyekuja kwa kifungo tu.

Nikaanza kufikiri kama fundi. Ufundi wa nguo ni nini? Ni kupata kaptura tano kwenye kitambaa cha nne na nusu. Unageuza, unapindua, unabana kiuno hapa, unaiba inchi pale, na aliyevaa hajui. Nimesifiwa kwa hilo soko zima. Bonasi ya chai ya baba, ambayo kiwanda huwalipa wakulima mara moja kwa mwaka, ingelipwa mwezi wa kumi. Nikajiambia, nikiweza kuivuta hii dawa hadi mwezi wa kumi, tutakuwa tumevuka. Haba na haba hujaza kibaba, si ndivyo tulivyofundishwa?

Siku ya kwanza nilimimina vijiko vitano badala ya sita. Kesho yake nikasimama mbele ya pazia nikiwa na wasiwasi, nikauliza. Mbuya mono. Baada ya wiki nikamimina vinne. Mbuya mono. Nikamimina vitatu, kila chupa ikawa inafika siku ishirini badala ya kumi, nikaongeza vidonge vya kawaida kutoka duka la dawa la pale kituoni, vile wanavyokukatia kwa mkasi kulingana na pesa uliyo nayo. Mbuya mono. Nilishangaa, nikafurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba madaktari wanaandika nyingi ili wauze nyingi, ndiyo biashara yao. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia nimeuliza mwenyewe mgonjwa.

Nilimuuliza pia mzee jirani, siku moja akitoka kumwogesha baba. Alikuwa amekunja mikono ya shati, anakausha vidole. Nilimuuliza baba anaendeleaje. Akasema, "Baba yako ni mwanaume. Siku ya kutahiriwa sisi wengine tulikunja vidole vya miguu, yeye hata jicho hakupepesa. Na leo ni vile vile." Alisema kwa fahari, nami nikaondoka na fahari yangu. Sikufikiri kwamba mtu hasifiwi kwa kutopepesa jicho mahali pasipo na kisu.

Kilichonikera wakati huo kilikuwa redio. Baba alikuwa na redio ndogo ya betri, na mwezi wa nane alianza kuiwasha kwa sauti ya juu sana, mchana na usiku, stesheni ya kwetu, mahubiri, matangazo ya vifo, nyimbo, hata ile mikwaruzo ya baada ya matangazo kufungwa. Tuliisikia hadi nyumba ya chini. Na betri nilinunua mimi. Siku moja nilienda sebuleni nikaliambia pazia, kwa heshima lakini kwa ukali kidogo, kwamba redio inazuia watu kulala. Akapunguza. Baada ya saa moja hivi ikapanda tena. Nikamwambia mke wangu mzee anaanza kurudi utotoni.

Binti yangu wa kwanza anasomea mambo ya hoteli Kisumu. Alikuja likizo mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi, akaweka mkoba na kupanda moja kwa moja kwa babu yake. Yeye haongei na pazia. Alilifungua, akaingia, akakaa kitandani, na kwa muda nilisikia wakichekana. Babu alimwambia amenenepa kama mke wa chifu, naye akamwambia babu yeye amekonda kama mgombea aliyeshindwa. Halafu redio ikazimwa. Nikafurahi moyoni kwamba kuna mtu amemzimia ile kelele.

Alirudi jioni, mimi nikiwa nje nanoa mkasi. Hakunisalimu.

"Baba, unampa sokoro dawa ngapi?" Ndivyo anavyomwita babu yake.

Nikamuuliza kwa nini anauliza.

"Halali," akasema. "Hajalala tangu mwezi wa saba. Anasema mfupa wa nyonga unatafunwa. Anaiwasha redio ili msisikie akilia."

Nilimwambia hiyo haiwezekani, mimi huwa namuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi anasema yuko vizuri. Msichana huyu ana hasira zangu, hizo amezirithi zote. Akaniangalia kama wateja wanavyoniangalia nikiwaambia nguo haijaharibika.

"Anakuambia wewe," akasema. "Angekuambia nini wewe?"

Kisha akasema alikuwa amemuuliza ile namba ya daktari, sifuri hadi kumi. Babu alikuwa amecheka kidogo. Alikuwa amemwambia kwamba siku ile hospitalini ilikuwa imeshafika kumi, lakini mwanawe alikuwa amesimama pale, angewezaje. Na kwamba tangu hapo hesabu ya yule daktari imekuwa fupi kwake.

Nilikaa chini kwenye jiwe la kunolea. Nililia mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo nalo haliruhusiwi, lakini nilikuwa nimechoka na yanayoruhusiwa. Shuleni tuliimbishwa mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati wote nilidhani methali hiyo inamsema mgonjwa. Baba alificha kwa sababu ndivyo alivyonilea. Mimi nilijua ndivyo alivyonilea, na bado nikachukua jibu lake nikalifanya kipimo, kwa sababu jibu lile lilikuwa rahisi kwangu. Kama angesema anaumia, ningelazimika kutafuta kaptura nyingine sita. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, na naona aibu kuliandika.

Nilimimina vijiko sita usiku ule ule, na binti yangu ndiye aliyemnywesha, kwa saa, kama daktari alivyosema. Alikaa naye chumbani na simu ya kumkumbusha. Ijumaa redio haikuwashwa. Jumamosi nilisimama sebuleni na nikamsikia baba akikoroma. Nilisimama muda mrefu nikisikiliza mkoromo ule, mtu mzima na futi kamba shingoni, wateja wakiningoja dukani. Jumapili akaomba uji, akaumaliza. Kupitia kwa binti yangu aliniuliza kama chai imechumwa, na akaniambia suruali zake zote zinamwanguka, nizibane. Sikuweza kumpima kiuno, kwa hiyo nilichukua mshipi wake na kupima kuanzia tundu jipya alilokuwa amelitoboa kwa msumari. Kilikuwa kiuno cha mtoto wa darasa la sita. Nimeshona vingi vya kipimo hicho.

Jumatatu asubuhi binti yangu alikuwa ameshuka kuoga. Nikapanda na kichupa, nikasimama mahali pangu.

"Bwakire, tata. Umelala vipi?"

Palikuwa kimya. Nikafikiri amelala, nikafurahi. Nikauliza tena. Mara ya tatu nilijua, na hata hapo, Mungu anisamehe, sikulifungua lile pazia. Nilitoka nje nikamwita mzee jirani, na yeye ndiye aliyeingia na kumfumba macho, mimi nikiwa nimesimama mezani nimeshika dawa ya siku nzima mkononi.

Baada ya mazishi, matanga yalipokwisha na viti vya kukodi kurudishwa, nilifungua sanduku la vitambaa kutafuta kitambaa cha mteja. Chupa ya mwisho ilikuwa pale. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nusu ilikuwa imejaa. Hiyo ndiyo niliyokuwa naivuta ifike mwezi wa kumi. Binti yangu alipiga hesabu bila mimi kumwomba, akasema ingetosha siku tano, mchana na usiku wake, bila kubana. Kisha akaenda kupanga mkoba wa kurudi chuo.

Ule mwezi wa kumi ukafika. Bonasi ilikuwa nzuri mwaka huu, watu walisema hivyo sokoni. Ujumbe uliingia kwenye simu ya baba, niliyokuwa nimeiweka kwenye droo ya mashine, na simu ikatetemesha pini zote. Ingenunua chupa za kutosha hadi Krismasi. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kisii na nikalipa bima ya mwaka mzima, kwa mpigo, yangu na ya mke wangu. Niliyemlipa alisema hongera. Nikamjibu vibaya, na hakuwa amenikosea.

Kisha nikaenda hospitalini kurudisha ile nusu chupa, kama nilivyoagizwa siku ya kwanza. Foleni ilikuwa ile ile. Mwanamke wa dirisha alikuwa yule yule, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa vile vile.

"Bima au keshi?"

"Narudisha," nikasema.

Hapo ndipo aliponiangalia. Aliishika chupa, akasoma tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yake, akaitazama dawa iliyobaki, akarudi kwenye tarehe. Nilimuona akihesabu kama binti yangu alivyohesabu. Watu nyuma yangu walianza kusogeasogea.

"Mbona imebaki nyingi hivi?" akauliza. "Mgonjwa hakuwa anaumia?"

Soko zima la Ekerenyo linanijua kwa mdomo. Sikosi neno kwa mteja, kwa karani wa ushuru, hata kwa mchungaji. Nilisimama pale nimeshika ukingo wa dirisha, nikauangalia ukuta uliokuwa nyuma yake.

"Alisema ni mbili," nikamwambia.